Kibofu Kwenye Foleni ya Kibarani

Malori ya bandarini yakishonana pale Kibarani, Mombasa, abiria wa matatu huanza kulalamika: joto, moshi, kuchelewa. Lipo lalamiko moja lisilosemwa. Ni la mama aliyejinyima chai tangu alfajiri, akavaa pedi ingawa si siku zake, na bado anaomba chafya isimjie kabla ya kufika Makupa. Ukimuuliza faraghani atakwambia ni umri, au ni wale watoto wanne aliowazaa. Uzazi una mchango wake, sikatai. Lakini kwamba umri ukishafika ndio basi, uvumilie tu, hilo silikubali.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka kinena hadi kitokono. Ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mkubwa, na ndiyo inayosaidia kubana mrija wa mkojo. Ichukulie kama kitanda cha kamba: kikilaliwa miaka mingi hulegea, na mwenyewe hakitupi, hukiwamba upya. Kinacholegeza misuli hii ni kichwa cha mtoto kinapopita, choo kigumu cha kila siku, kikohozi kisichoisha, uzito wa mwili, upungufu wa homoni baada ya kukoma hedhi, na mizigo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na mji wetu unajua vizuri kupandisha mitungi ghorofani bomba likikauka.

Kabla ya tiba, jua unavuja vipi. Kuna mkojo unaotoka ukicheka, ukikohoa au ukiinua kitu. Kuna unaokuja kwa ghafla, ufunguo ukiwa bado mlangoni, na mtu hawahi choo. Wengi wana yote mawili. Ila mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu, huenda ni fistula. Hilo ni tundu, na tundu halizibwi kwa mazoezi. Linahitaji daktari wa upasuaji.

Kwa aina mbili za kwanza, mazoezi ndiyo tiba ya kuanzia, kabla ya kisu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuyahusu mwaka 1948, na jina lake limeyaganda hadi leo. Watu husahau kwamba Kegel hakuwaambia tu wagonjwa wake wabane. Alitengeneza kifaa cha kupima kama wanabana kweli. Alikuwa na sababu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake 47 waliokuwa wameelezwa zoezi kwa mdomo tu. Karibu nusu walifanya sawasawa. Robo walifanya kwa namna inayoweza kuzidisha kuvuja. Ndiyo maana nasita mtu anaponiambia, "Hayo nimeshajaribu, hayasaidii."

Lala chali mkekani, kunja magoti. Zuia upepo usitoke nyuma, na papo hapo zuia mkojo mbele. Usikie misuli inavutwa kwenda ndani na juu. Tumbo, makalio na mapaja yatulie, na pumzi iendelee. Ukiona umekaza shingo, umekosea. Shikilia kwa hesabu unayoiweza, hata tatu, kisha achia kabisa kwa muda kama huo. Mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu angalau. Halafu itumie: bana kabla ya chafya, bana kabla ya kuinua mtungi. Usifanye zoezi kwa kukatisha mkojo chooni, maana unakifundisha kibofu kutojimaliza. Na kama una maumivu ya nyonga, au tendo la ndoa linauma, acha kwanza. Huenda misuli yako imekaza kupita kiasi, na unachohitaji ni kufundishwa kuilegeza.

Anayebanwa ghafla ana kazi nyingine ya ziada, kukizoeza kibofu kungoja. Haja ikija, asimame au akae, abane mara kadhaa kwa haraka, wimbi lipite, ndipo aende taratibu. Kama huenda kila saa, aongeze dakika kumi, wiki ijayo aongeze tena. Kujinyima maji si dawa: mkojo mzito hukisumbua kibofu. Kahawa tungu ndiyo ya kupunguza, na chai ya rangi pia.

Kwetu, wapo wanaoacha tarawehe msikitini kwa kuogopa udhu kutenguka. Sheikh atawaeleza hukumu ya mwenye udhuru, na ibada itaendelea, lakini hukumu haikazi misuli. Mkaja nao, ambao mama zetu humfunga mzazi katika arobaini, hushika tumbo na mgongo. Huko chini haufiki, na ukikazwa mno huenda ukasukuma uzito kwenda huko huko.

Wanaume wasidhani haliwahusu. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume mara nyingi huvuja kwa wiki au miezi, na mazoezi ni yale yale.

Unapomtafuta mtaalamu wa fiziotherapia, uliza kama amesomea tiba ya nyonga, kwa kuwa si wote. Uliza pia leseni ya baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Atakuuliza unakunywa nini na unakwenda haja mara ngapi, kwa hiyo yaandike hayo kwa siku tatu kabla hujaenda. Huenda akaomba kukupima kwa kidole ukeni, au nyuma kwa mwanamume, ili ajue unabana nini. Una haki ya kukataa, ya kuomba mtaalamu wa jinsia yako, na ya kuwa na mtu wako chumbani. Ukiona damu kwenye mkojo, usianze na mazoezi. Anza na daktari. Na ganzi ikiingia ghafla sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.