Shahada ya Uhandisi wa Umeme Mtandaoni: Tuulize Kabla ya Kulipa

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, wazazi hutuletea swali moja, na vijana wetu walio kazini Doha na Jidda hutuuliza lilo hilo kwa simu. Je, yawezekana mtu akasoma uhandisi wa umeme kwa njia ya mtandao, bila kuacha kazi wala kuhama mji, kwa gharama ambayo familia ya kawaida yaweza kuibeba?

Jawabu letu ni kwamba yawezekana, lakini kwa masharti. Mwenye kuyapuuza masharti hayo huenda akauza kiwanja cha urithi, akavumilia miaka mitano ya kukesha, kisha akapewa karatasi isiyomfungulia mlango wowote.

Elimu yenyewe haina uhaba. Mwaka 2012, chuo cha MIT cha Marekani kilifundisha mtandaoni somo la saketi na elektroniki, bila malipo, kwa yeyote aliyetaka popote duniani. Waliojiandikisha walikaribia 155,000. Waliofikia mwisho wakapata cheti ni 7,157 tu. Hesabu hiyo yatufunza kwamba mlango u wazi, na pia kwamba wengi wa wanaoingia hawafiki sebuleni. Kusoma peke yako, bila mwalimu wa kukuuliza mbona hukuja jana, kwataka subira na ratiba isiyovunjwa.

Umeme haujifunzwi kwa macho pekee

Katika hao waliofaulu alikuwamo mvulana wa miaka 15 kutoka Mongolia, aliyepata alama zote. Wengi husimulia habari yake kama ushahidi kwamba skrini yatosha. Husahau kusema kwamba mkuu wa shule yake alimwalika mwanafunzi wa uhandisi kutoka Marekani, akaja na vifaa vya maabara, ili vijana waunganishe saketi kwa mikono yao na wapime wenyewe.

Hapo ndipo uhandisi unapoachana na masomo mengi mengine. Historia au biashara yaweza kusomwa yote kwa kitabu na skrini. Mhandisi wa umeme sharti aunganishe nyaya, apime volti, aone wimbi la umeme likipanda na kushuka katika kifaa chake, na ajue kwa nini transfoma imepata joto. Basi vyuo vinavyoheshimika vimetafuta njia tofauti za kulitimiza hilo. Arizona State University hufundisha shahada hii yote mtandaoni, na mwanafunzi hufanya majaribio nyumbani kwa vifaa anavyonunua. University of North Dakota humtaka mwanafunzi afike chuoni wakati wa kiangazi kwa ajili ya maabara. Nchini India, IIT Madras ilianzisha mwaka 2023 shahada ya mifumo ya elektroniki ambayo mihadhara yake ni ya mtandaoni, lakini mitihani hufanywa ana kwa ana na maabara hufanyikia chuoni Chennai.

Kwa hiyo chuo kikitangaza shahada ya umeme isiyo na maabara ya aina yoyote, hiyo ni dalili ya kutosha ya kujiepusha nacho.

Ni nani atakayeitambua?

Hapa Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yamkataza mtu asiyesajiliwa kujiita mhandisi, na mwenye mamlaka ya kusajili ni Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu husajiliwa kwanza kwa daraja la mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya usimamizi kabla ya kupanda daraja la mhandisi mtaalamu. Bila ya hatua ile ya kwanza, ya pili haipo.

Kuna tofauti nyingine ambayo familia nyingi huitambua wakiwa wamechelewa. Shahada ya uhandisi si sawa na shahada ya teknolojia ya uhandisi, ingawa majina yake yanakaribiana. Wenye hii ya pili wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi yao ya usajili. Ni fani yenye heshima na riziki, lakini aliyekusudia kuwa mhandisi hapaswi kujikuta huko kwa sababu tu hakusoma maandishi madogo.

Kwa vyuo vya Marekani, tazameni kama programu yenyewe ina ithibati ya ABET. Haitoshi kuambiwa kwamba chuo kina ithibati, kwa kuwa ABET huthibitisha programu moja moja, si chuo kizima. Na kwa vijana walio Saudia, wajue kwamba Baraza la Wahandisi la nchi hiyo huhakiki vyeti vya wahandisi wa kigeni kabla ya kuwasajili.

Tunasisitiza: iandikieni Bodi ya Wahandisi barua, mtaje jina la chuo na la programu, mwombe jawabu la maandishi. Barua hiyo haigharimu kitu. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga.

Hesabu ya gharama

Matangazo hutaja bei ya sehemu ndogo ili ionekane nyepesi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Shahada ya Marekani huwa na yuniti zipatazo 120. Chuo kikitoza dola 500 kwa kila yuniti, jumla ni dola 60,000. Na tukikadiria shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 7.8. Hapo hatujahesabu kompyuta, bando za intaneti, vifaa vya maabara, ada za mitihani, wala nauli iwapo maabara iko ng'ambo. Unafuu wa kweli wa masomo ya mtandaoni ni kwamba mtu hulipia yuniti chache kwa muhula, kwa kadiri ya mfuko wake, huku akiendelea kupokea mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka.

Njia tunayoipendekeza

Kwanza, kijana ajipime bila malipo. Mihadhara ya MIT, na ile ya NPTEL ya vyuo vya India, iko wazi kwa wote. Asome hisabati na saketi kwa miezi mitatu. Akishindwa kudumu, familia imeokoa fedha zake. Akidumu, ameingia na akiba ya elimu.

Pili, atazame kilicho karibu kabla ya kilicho mbali. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichofunguliwa mwaka 2023 hufundisha mtandaoni, lakini programu zake za mwanzo hazikuwa na uhandisi wa umeme. Kwa mkazi wa Mombasa aliye na alama zinazohitajika, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina shahada hiyo na maabara zake, na huenda hesabu yake ikawa nyepesi kuliko ya mtandaoni. Mtandao umfae zaidi yule ambaye kazi au umbali umemzuia.

Tatu, asiyefikia alama za shahada aanze na stashahada, apate leseni ya ufundi wa umeme kutoka mamlaka ya kawi, afanye kazi, kisha apande. Fundi mwenye leseni hulipia masomo yake kwa jasho lake.

Tukumbuke kwamba chuo hicho cha Mombasa kilianzia katika taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Wazee wale walichanga ili pawe na karakana na walimu. Leo mwalimu ameingia hadi ndani ya simu ya kijana. Lililobaki juu ya familia ni kuketi pamoja na karatasi na kalamu, na jawabu la Bodi likiwa mkononi, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.