Pikapu mpya, bomba jipya la moshi: kabla ya kukata chuma, ujue kilicho ndani

Wengi wanaonunua pikapu mpya hawaiachi jinsi ilivyotoka kiwandani. Mmoja anataka magurudumu makubwa, mwingine taa za juu, mwingine mlio mzito unaosikika kabla gari halijaonekana. Huyu wa mwisho ndiye anayeingia garaji kuomba abadilishiwe bomba la moshi. Ni kazi ya saa chache tu, lakini ikifanywa vibaya, hasara yake inakaa na gari miaka yote.

Desturi hii imeenea sana Marekani, ambako kampuni kama Borla, MagnaFlow na Flowmaster zinauza mabomba yaliyotengenezwa kwa kila aina ya pikapu. Mashariki mwa Kongo, ambako Toyota Hilux na Land Cruiser ni gari za kazi, swali ni lilelile: fundi akate wapi?

Mlio uko nyuma, usafi uko mbele

Moshi ukitoka kwenye mashine, unapita kwanza katika katalizeri, sanduku la chuma linalopunguza sumu. Pikapu nyingi mpya za mazuti zina pia chujio la kukamata masizi. Baada ya hapo moshi unaingia katika sanduku la kupunguza kelele, kisha unatokea mkiani.

Anayetafuta mlio tu anabadilisha sehemu ya nyuma, kuanzia baada ya katalizeri na chujio. Hapo usafi wa moshi haubadiliki. Nguvu ya gari nayo huongezeka kidogo sana, hata kama muuzaji anaahidi mengi. Na mwenye gari la mazuti lenye turbo asitegemee mngurumo kama wa gari la esansi, kwa maana turbo yenyewe inapunguza mlio.

Shida inaanza pale fundi anaposema: "Tuondoe na katalizeri, gari lipumue." Zamani neno hilo lilikuwa na sababu. Esansi yenye madini ya risasi ilikuwa inaharibu katalizeri. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha esansi ya namna hiyo kufikia mwaka 2006.

Madini chini ya gari

Watu wa Kivu na Ituri wanajua thamani ya madini, ila si wote wanaojua kwamba katalizeri inabeba platini, paladi na rodi. Mwaka 2021 bei ya rodi ilipita dolari 20,000 kwa aunzi moja, na katika nchi nyingi wezi walikuwa wanalala chini ya magari usiku kukata katalizeri. Kila moja ina kiasi kidogo tu cha madini hayo, lakini kuinunua tena ni gharama kubwa. Mwenye gari anayeiacha garaji kama chuma kibovu anampa mtu mwingine mali yake.

Afya nayo imo. Mwezi wa Juni 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, OMS, walithibitisha kwamba moshi wa mashine za mazuti unaleta saratani kwa binadamu. Nchini Marekani, shirika la serikali linalolinda mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu zaidi ya 550,000 za mazuti zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kusafisha moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Sheria ya huko inakataza jambo hilo.

Hatari nyingine haingojei miaka. Bomba likichomelewa vibaya, au likikatwa fupi na kuishia chini ya kabini, gesi ya monoksidi ya kaboni inaweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu, na inaua. Abiria wanaokaa nyuma, juu ya mizigo, nao wanaivuta.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, karatasi ya garanti: je, inaruhusu kubadilisha bomba? Mashine ikiharibika kwa sababu ya bomba hilo, muuzaji anaweza kukataa kutengeneza bure.

Pili, chuma chenyewe. Chuma cha pua cha namba 304 kinavumilia maji na matope kuliko kile cha namba 409, ambacho hushika kutu ya juu-juu mapema.

Tatu, mahali pa bomba. Likining'inia chini, mawe ya barabara mbovu yatalibonyeza. Mkia wake utokee nje ya bodi, mbali na kabini na abiria.

Mwisho, vipande vyote vya zamani virudi nyumbani na mwenye gari. Siku ya kuliuza, mnunuzi anaweza kuomba bomba la kiwandani, na majirani wanaoamshwa usiku wanaweza kuliomba mapema zaidi.