Baridi ya Julai yafufua jiko la makaa Kibera na Kawangware

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu mazito hulifunika jiji la Nairobi, jua likaadimika na baridi ikapenya hadi mifupani. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mara nyingine chini ya hapo.

Kwa mkazi wa nyumba ya mawe yenye dari, hiyo ni baridi ya kuvaa sweta. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja cha mabati Kibera au Kawangware, ni jambo jingine. Mabati hupoteza joto mara tu jua linapotua, na upepo hupenya kila penye mwanya. Katika vyumba hivyo hakuna mtambo wa kupasha nyumba joto. Lililopo ni jiko.

Ndiyo maana kila badiliko la bei au aina ya nishati ya kupikia huwa pia badiliko la namna watu wanavyoota moto.

Jiko lenyewe limepitia mageuzi. Mapema katika miaka ya 1980 mafundi wa jua kali walianza kuunda jiko la bati lenye kiuno chembamba, ndani likiwa na udongo uliochomwa. Udongo huo huhifadhi joto, hivyo makaa hudumu kuliko katika jiko la bati tupu. Kando yake ilikuwepo stovu ya mafuta taa, iliyopendwa kwa kuwa mafuta yalinunuliwa kwa chupa ndogo, kulingana na kipato cha siku.

Mwaka wa 2018 ulivuruga hesabu hizo. Mnamo Februari serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huo, ada ya Sh18 iliongezwa kwa kila lita ya mafuta taa, lengo likiwa kuwazuia wafanyabiashara walaghai kuyachanganya na dizeli. Mlaghai alilengwa, lakini mnunuzi wa chupa moja naye akabeba mzigo huo.

Wengi waligeukia gesi. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 23.9 ya familia nchini zilitegemea gesi kwa mapishi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Hata hivyo, sera haikutulia. Ushuru wa thamani (VAT) kwa gesi, uliokuwa umeondolewa mwaka wa 2016, ulirejeshwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ukapunguzwa hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha ukaondolewa tena mwaka wa 2023.

Kikwazo kikubwa zaidi ni namna ya kulipa. Kujaza mtungi wa kilo 6, maarufu kama 'meko', kunahitaji fedha zote kwa mkupuo, ilhali kibarua hupokea ujira wake jioni. Ndipo zikabuniwa mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa M-Pesa. Kuanzia 2019, spiriti ya kupikia nayo iliuzwa kwa mashine zilizowekwa madukani.

Nishati hizi zina sifa moja: hupika upesi na kuzimwa. Lakini chai ikishaiva na moto kuzimwa, chumba hurudia baridi yake. Makaa yaliyoivisha githeri kwa saa kadhaa hubaki na joto hadi usiku mwingi. Kwa hiyo familia yenye mtungi wa gesi huendelea kulitunza jiko la makaa pembeni, na msimu wa baridi ukifika, huliingiza ndani.

Hapo ndipo penye hatari. Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala huenda asizitambue kamwe.

Wengi hudhani makaa yaliyoshika majivu ni salama kwa kuwa hayatoi moshi. La hasha, gesi hiyo huendelea kutoka maadamu yanawaka. Na kadiri mtu anavyoziba nyufa kwa matambara na maboksi ili kuzuia baridi, ndivyo anavyoifungia ndani. Koili ya umeme nayo, ikichomekwa kwenye nyaya zilizounganishwa kiholela, huweza kuteketeza ploti nzima.

Je, mnyonge afanye nini? Wataalamu hushauri jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuwekwa ndani ya blanketi hupasha kitanda bila sumu. Maboksi yakipigiliwa chini ya paa kama dari hupunguza baridi, mradi yasikaribie moto wala nyaya, na tundu la kupitisha hewa liachwe.

Zipo pia juhudi za pamoja. Kibera, shirika la Umande Trust limejenga vituo vya vyoo ambavyo kinyesi chake huzalisha gesi ya kupikia. Vikundi vya kina mama hukusanya vumbi la makaa, wakalichanganya na udongo na kufinyanga matonge yanayowaka kwa muda mrefu na kwa gharama ndogo. Hata hayo hayafai kulala nayo ndani.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Lakini maadamu nyumba ni za mabati matupu, kupunguza ushuru wa gesi kutarahisisha mapishi tu, na baridi ya Julai itaendelea kuliita jiko la makaa chumbani.