Jinsi ya Kupanga Mashindano ya Gofu ya Wanafunzi wa Zamani

Chama cha wanafunzi wa zamani wa shule yetu kimeazimia kufanya mashindano ya gofu katika kiwanja cha Jinja, ili kuongeza fedha katika mfuko wa karo. Habari hii imepokewa kwa namna mbili. Baadhi ya kaka zetu wakubwa wameshangilia, maana mchezo huu wanaupenda. Wengine wameguna, wakisema kuwa gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi aliyesoma hapa hana fimbo wala viatu vya kuingilia kiwanjani. Nadhani wote wamesema kweli. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi mashindano ya namna hii yanavyopangwa. Mpango ukiwa mwema, mwalimu yule atacheza pamoja na mkurugenzi wa kampuni, na wote wawili watafurahi. Ukiwa mbaya, hata mkurugenzi hatarudi mwaka wa pili, na mfuko wa karo utabaki mtupu.

Kwa ajili ya wanafunzi ambao wameuona mchezo huu kutoka barabarani tu, nitaueleza kwa ufupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia, mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108, ambalo limesimikwa bendera ili lionekane toka mbali. Kila shimo lina kipimo chake cha mapigo, aghalabu 3, 4 au 5 kwa kadiri ya umbali, na kipimo hicho ni kazi ya mchezaji hodari. Mchezo kamili ni wa mashimo 18. Kiwanja cha Jinja kina mashimo 9, basi mwenye kutaka 18 hukizunguka mara mbili. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Gofu ililetwa Uganda na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa Entebbe waliicheza mapema, na klabu ya Kampala ilianzishwa mwaka 1908. Siku zile vilabu vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliyeonekana kiwanjani aghalabu alikuwa mchukuzi wa mfuko wa fimbo. Kiwanja cha Jinja kilipata sifa kwa sheria moja ya ajabu. Kwa kuwa viboko walitoka majini usiku kula majani, mchezaji ambaye mpira wake uliingia katika nyayo za kiboko aliruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila adhabu. Wageni husimulia habari hii kwa kucheka, lakini ina mafundisho ndani yake: sheria njema hutazama hali ya mahali, na humwondolea mtu taabu ambayo hakuisababisha yeye. Wapangaji wa mashindano yetu wakilishika neno hilo moja, mengine yote yatafuata.

Jambo la kwanza ni siku. Klabu ina mashindano yake yenyewe, na wanachama wake wana haki ya kwanza juu ya kiwanja. Yapasa kumwandikia kapteni wa klabu miezi mingi mbele, na barua itaje mambo manne: tarehe, idadi ya wachezaji, saa za kukitumia kiwanja, na chakula. Jibu la mdomo halitoshi. Litakiwe kwa maandishi. Sisi tuliosoma katika shule ya misheni hatutaki Jumapili, basi iwe Jumamosi. Miezi ya Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, ni ya mvua nyingi katika nchi hii ya kando ya ziwa, kwa hiyo afadhali kuchagua kati ya misimu hiyo. Hata hivyo ngurumo za alasiri hazina msimu Jinja, basi mchezo uanze saa 2 asubuhi.

Jambo la pili ni idadi. Wachezaji huenda kwa makundi ya watu wanne wanne. Kama makundi yote yakianzia shimo la kwanza, kila kundi hungoja kama dakika 10 mpaka lile la mbele liwe mbali. Makundi yakiwa 9, kundi la mwisho litaanza dakika 80 baada ya la kwanza, na litamaliza nyuma vivyo hivyo. Walio wa kwanza watakunywa chai, watachoka kungoja, na watakwenda zao kabla hotuba ya mwalimu mkuu haijasikiwa.

Iko dawa ya jambo hilo. Mwaka 1956, katika klabu ya Walla Walla huko Marekani, mwalimu wa gofu alilipeleka kila kundi kwenye shimo lake, kisha akafyatua bunduki ili wote waanze kwa wakati mmoja. Utaratibu huo umeenea duniani. Hesabu yake yatufaa sana: mashimo 9 mara watu 4 ni watu 36. Kundi linaloanzia shimo la 5 litamaliza shimo la 4, na wote watarudi pamoja baada ya muda wa saa mbili na nusu hivi. Sisi hatuhitaji bunduki, king'ora chatosha. Lakini maadamu kiwanja chote kitakuwa chetu kwa saa hizo, kapteni lazima aambiwe katika ile barua.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni usawa. Wachezaji waliozoea wana hendikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mtu kwa kadiri ya udhaifu wake. Tuseme mmoja ana hendikapu 6 na amemaliza mashimo 18 kwa mapigo 80. Hesabu yake ni 74. Mwenzake ana hendikapu 24 na amemaliza kwa mapigo 96. Hesabu yake ni 72, naye ndiye mshindi. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi hufuata utaratibu mmoja wa hendikapu, na kiwango cha juu kabisa ni 54. Wapangaji wadai hati ya klabu, wala wasikubali maneno matupu, kwa maana mwenye kusema kwa unyenyekevu kwamba hajui kucheza huenda ndiye atakayeondoka na kikombe.

Kama wote wangekuwa na hendikapu, ningependa hesabu ya Daktari Frank Stableford, Mwingereza aliyeona watu wakikata tamaa kwa sababu ya shimo moja baya. Katika utaratibu wake, uliotumika klabuni Wallasey mwaka 1932, mchezaji hupata alama: anayetimiza kipimo cha shimo, baada ya kupunguziwa mapigo yake, hupata 2, anayezidisha pigo moja hupata 1, anayepunguza pigo moja hupata 3. Anayezidisha mapigo mawili au zaidi hupata sifuri, basi huokota mpira wake na kuendelea na shimo la pili. Hivyo mtu hawezi kuharibikiwa siku nzima kwa ajili ya kosa moja, wala kundi la nyuma halikawizwi.

Lakini wengi wa kaka zetu hawana hendikapu, na wengine hawajapata kushika fimbo. Kwao uko mchezo wa ushirika. Watu wanne wa kundi hupiga kila mmoja mpira wake. Kisha huchagua mpira uliokaa mahali pema zaidi, na wote wanne hupiga tena kutoka hapo, na kuendelea hivyo mpaka shimoni. Kila kundi litiwe wawili wanaojua na wawili wanaojifunza. Tena iwekwe sharti kwamba pigo la kwanza la kila mtu lazima litumike angalau mara mbili. Watu wanne mara mbili ni mashimo 8 katika 9. Sharti hilo dogo ndilo litakalomfanya yule mwalimu kuwa mchezaji wa kweli, maana bila yeye kundi haliwezi kushinda, na hao wanaojua watamfundisha kwa bidii kuliko walivyofundishwa wao!

Mwenye kujifunza asiachwe afike siku hiyo mikono mitupu. Sheria yaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini yeye zamtosha tano au sita, na chama kinaweza kuandika majina ya wenye za ziada. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe afundishwe kusimama, kupiga, na zaidi ya yote kukaa nyuma ya mwenzake anayepiga, kwa kuwa mpira huo ni mgumu na huumiza. Barua ya mwaliko imweleze mavazi ambayo klabu inayataka, yaani aghalabu shati lenye ukosi, na suruali isiyo ya jinzi. Ni aibu kubwa mtu atoke Mbale au Soroti kuja kuisaidia shule yake, kisha azuiliwe mlangoni kwa ajili ya suruali.

Jambo la nne ni fedha. Nitatumia hesabu za mfano, ambazo si bei za kiwanja chochote. Tuseme kila mchezaji analipa shilingi 100,000. Watu 36 wataleta 3,600,000. Kwa kila mtu kiwanja ni 40,000, mchukuzi 20,000, na chakula 20,000. Jumla ni 80,000, na kwa watu wote ni 2,880,000. Zawadi, kadi na matangazo yote ni 360,000. Kinachobaki ni 360,000 tu. Watu 12 wakikosa kuja hali kiwanja na chakula vimekwisha kuagizwa kwa 36, chama kitapata hasara ya 600,000. Yaani tutakuwa tumefanya karamu kwa fedha za mayatima.

Kutokana na hesabu hiyo twajifunza mambo mawili. Kwanza, malipo yapokewe mapema, na asiyelipa ifikapo siku iliyowekwa jina lake lifutwe. Pili, kiingilio hulipa gharama tu. Faida hutoka kwa wafadhili. Kiwanja kina mashimo 9, na kila shimo laweza kupewa mfadhili wake, ambaye kibao chenye jina lake kitasimama pale. Wafadhili 9 wa shilingi 500,000 ni 4,500,000. Mwenye duka anaweza kufadhili bila kucheza. Hata darasa zima lililomaliza mwaka mmoja linaweza kuchanga. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

Sasa nataka kusema juu ya wachukuzi wa mifuko, ambao huitwa makedi. Imeshauriwa kwamba sisi wanafunzi tuichukue mifuko bila malipo, ili shilingi zile 20,000 za kila mtu ziokolewe. Kwa watu 36 ni 720,000, nazo si haba. Walakini naona kuwa shauri hilo si jema. Watu wale huishi kwa kazi hiyo, na Jumamosi ni siku ya mavuno yao. Tukikifunga kiwanja asubuhi nzima, kisha tukiwanyima mifuko, tutakuwa tumemlipia karo mtoto mmoja kwa kumnyang'anya mwingine. Tena kazi yao ni ya ujuzi: wanajua upepo, wanajua mteremko wa majani, na wanajua mpira unapojificha. Anayejifunza anawahitaji kuliko hodari. Wanafunzi tunayo kazi yetu. Wawili wakae katika kila shimo, wautazame mpira unapoangukia, wahakikishe sharti la pigo la kwanza limefuatwa, na kuwapa watu maji. Jumla ni 18, nao wasitolewe katika madarasa ya mtihani.

Juu ya radi, pasiwe na mjadala. Mtu aliyesimama peke yake mahali peupe na fimbo ya chuma mkononi yumo hatarini. Mtu mmoja apewe kazi ya kutazama mbingu. King'ora kirefu kikilia, wote waache mchezo papo hapo, hata kama mpira u karibu na shimo, na waende ndani ya nyumba, si chini ya mti.

Mchezo ukiisha, kila kadi itiwe sahihi na mchezaji na mwenzake aliyemwandikia, kisha watu wawili waihesabu kabla ya mshindi kutajwa. Zawadi ziwe ndogo. Kikombe cha shaba na vitabu vyatosha, maana zawadi kubwa huita wachezaji wakubwa na kuwafukuza wadogo. Yawepo na mapishano ya maneno pale mezani, chai, soda na nyama choma. Mwenye kiu ya kitu kingine angoje mpaka bendera ya shule ishushwe.

Kisha litabaki jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Hesabu zote zitolewe katika gazeti hili: zilizoingia, zilizotoka, na zilizowekwa katika mfuko wa karo, pamoja na idadi ya wanafunzi waliorudi darasani kwa ajili yake. Mtu akiona fedha yake imefika ilikokusudiwa, hangojei kuombwa mara ya pili. Basi, ndugu zetu mliotutangulia, mnaojua mchezo na msioujua, andikeni majina yenu mapema. Nafasi ni 36 tu.