Vita Vilikwisha, Usingizi Haukurudi

Na Bwana Shamba, Handeni

Mwaka 2007 nilikwenda kukagua mahindi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Handeni. Mashamba yote yalikuwa yamepaliliwa, isipokuwa moja. Majani yalifika kiunoni. Mwenye shamba alikuwa mzee aliyekimbia vita vya Somalia. Nilimwita mvivu mbele ya watu. Hakujibu. Aliangalia chini, akaondoka.

Jioni mkewe alinifuata. "Bwana shamba," alisema, "mume wangu si mvivu. Halali."

Alinieleza kwamba usiku mzee huzunguka nyumba na panga mpaka jogoo awike. Mtu akigonga mlango, hutetemeka. Na kila mahindi yanapokaribia kukomaa, hali yake huwa mbaya zaidi.

Ndugu msomaji, kwanza tukumbuke watu hawa ni nani. Zamani, katika karne ya 19, Wazigua wengi wa pwani yetu walichukuliwa utumwani mpaka Somalia. Waliopata uhuru wao walilima kando ya mto Juba. Walihifadhi lugha yao ya Kizigua, wakawafundisha watoto na wajukuu. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Watu wenye bunduki wakawavamia wakulima wa mto Juba, ambao hawakuwa na silaha. Waliua watu, wakapora nafaka kwenye maghala. Njaa ikafuata. Walioweza kukimbia walikimbia, na baadhi yao walifika Tanga, nchi ya mababu zao. Walikaa kwanza kambi ya Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamia makazi ya Chogo, wakapata mashamba. Baadaye wengi walipewa uraia wa Tanzania.

Basi mimi nilidhani mambo yamekwisha. Mtu ana shamba, ana jembe, ana nchi. Anataka nini tena? Lakini mzee huyu alikuwa na sababu yake. Kule Juba wavamizi walikuja baada ya mavuno. Ndani ya moyo wake ghala lililojaa lilikuwa linaita wauaji. Ndiyo maana mkono wake ulikataa kupalilia. Mimi sikufundishwa hivyo chuoni. Nilifundishwa wadudu na mbolea.

Huu ni ugonjwa. Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa akili tunamfikiria mtu anayeokota makopo barabarani. Sivyo. Mgonjwa anaweza kuvaa vizuri na kusalimia watu. Dalili zake ni kukosa usingizi, kuota yale yale ya vita, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, kujitenga, kulewa kila siku, au kuumwa kichwa na mwili bila kuonekana sababu. Unaweza kuanza miaka mingi baada ya vita. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake: katika kila watu 100 waliopatwa na vita, kama 22 wana tatizo la akili. Wengi tatizo lao ni jepesi, lakini wengine hawawezi kufanya kazi kabisa.

Je, mzee alikuwa hajatafuta matibabu? Alikwenda kwa waganga wa kienyeji, mbuzi wawili wakaisha. Alikwenda zahanati mara nyingi, akapewa dawa ya kichwa. Hakuna aliyemwuliza kama analala. Tena alikwenda na mjukuu wake ili amsaidie kusema Kiswahili. Sasa, mzee gani atasimulia mbele ya mjukuu mambo waliyotendewa wanawake wa nyumba yake? Alisema kichwa kinauma, basi.

Siku moja alimkuta muuguzi mwenyeji wa Handeni. Huyo alimsalimu kwa Kizigua, akamtoa mtoto nje, akafunga mlango. Walikaa humo mpaka mchana. Mzee alitoka na barua ya kwenda hospitali ya mbele.

Hapo ndipo shida ya nauli ilipoanza. Hospitali ya magonjwa ya akili iliyo karibu nasi ni Lutindi, wilaya ya Korogwe, juu ya milima ya Usambara. Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni kilomita 65, na mlima bado. Wamisionari wa Kijerumani waliianza Lutindi mwaka 1896 kuwa nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wagonjwa hupewa dawa, huzungumza na waganga, na wenye nguvu hufanya kazi za mikono na za shamba. Mwenyekiti wa kitongoji alichangisha nauli ya watu wawili. Mimi nilitoa yangu, maana nilikuwa na deni.

Alikaa wiki kadhaa. Aliporudi alilala usiku, siyo kila usiku. Aliambiwa asiache dawa hata akijisikia amepona. Aliacha mara moja, na panga likarudi mkononi. Kwa hiyo wenye ndugu kama huyu, mwulizeni mganga wa zahanati kama dawa zinaweza kupatikana karibu, ili mgonjwa asisafiri kila mara.

Jambo moja linahusu kazi yangu. Dawa za kuua wadudu wa mimea zifungiwe kwa kufuli. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimwache peke yake. Ondoeni dawa hizo nyumbani, mmpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo. Na msimfunge mtu kwa minyororo. Aliyekwisha kukimbia watu wa kumfunga, mnamfunga tena?

Msimu uliofuata mzee alipalilia mara mbili. Alipovuna nilikwenda na daftari langu kuandika magunia, kama ninavyofanya kwa wakulima wote pale uwanjani. Alinivuta mkono, akaniomba nisiyataje mbele ya watu. Tuliingia ndani kwake. Alifunga mlango, nikaandika: magunia 11.