Mwanao anaandika hadithi kwa akili mnemba? Mwache aanze mwenyewe

Mtoto amepewa kazi ya nyumbani: aandike hadithi fupi ya kubuni. Anaomba simu, anaandika sentensi moja kwenye ChatGPT, na kabla chai haijapoa hadithi ya kurasa mbili iko tayari. Ina mwanzo, ina mgogoro, ina mwisho wa kupendeza. Mzazi anaisoma, anafurahi, anasaini daftari.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: mtoto mwenyewe amepata nini?

Msaada si dhambi

Tusianze kwa kuilaumu simu. Hata waandishi wakubwa wanatumia programu hizi. Rie Qudan wa Japani, aliyeshinda Tuzo ya Akutagawa mwanzoni mwa 2024, alisema wazi kwamba takriban asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno ya ChatGPT. Lakini yeye alikuwa mwandishi tayari. Alijua anataka kusema nini, na mashine akaipa sehemu ndogo.

Mwaka huohuo, watafiti Anil Doshi na Oliver Hauser wa vyuo vikuu vya Uingereza walichapisha utafiti katika jarida la Science Advances. Watu wapatao 300 waliandika hadithi za sentensi nane. Baadhi waliandika peke yao, wengine walipewa wazo moja au hadi matano kutoka kwa akili mnemba. Hadithi za waliosaidiwa zilipendwa zaidi, hasa za wale ambao kwa kawaida si wabunifu sana. Tatizo ni kwamba hadithi hizo zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kila mmoja alipata hadithi nzuri, lakini zikiwekwa pamoja zilikuwa kama watoto wa mama mmoja.

Utafiti mwingine, wa taasisi ya MIT ya Marekani mwaka 2025, ulipima ubongo wa watu 54 wakiandika insha. Waliotumia ChatGPT walionyesha mawasiliano hafifu zaidi kati ya sehemu za ubongo, na wengi walishindwa kukumbuka hata sentensi moja ya insha waliyotoka kuiandika. Ni utafiti mdogo, ulitolewa kabla ya kuhakikiwa na wataalamu wengine, na haukuwa wa watoto. Hata hivyo unatukumbusha kwamba kuandika ni mazoezi, na mazoezi hayafanywi kwa niaba.

Hadithi ni dirisha

Kuna jingine linalohusu afya ya mtoto. Mtoto asiyeweza kusema "naonewa shuleni" anaweza kuandika juu ya sungura anayekula peke yake chini ya mti kila siku. Sungura mjanja wote tunamjua. Huyu mnyonge katoka wapi?

Akiiomba mashine imwandikie, huenda sungura atapata rafiki kufikia aya ya tatu na hadithi itaisha kwa furaha. Itakuwa nzuri, lakini wewe mzazi hutajua kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, rasimu ya mwanzo iwe ya kalamu na daftari. Hata aya moja inatosha. Makosa ya tahajia yasimzuie.

Pili, programu iulize, isiandike. Mfundishe mtoto kuiambia: "Niulize maswali matano kuhusu hadithi yangu, usiniandikie." Maswali kama "sungura anaogopa nini?" yatamrudisha kwenye daftari lake.

Tatu, mashine ikitoa mapendekezo, achague moja na akatae jingine, kisha akueleze sababu. Hapo ndipo anapojifunza.

Nne, zingatia umri. Kwa masharti yake, ChatGPT si ya watoto walio chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 17 wanahitaji ruhusa ya mzazi. Mdogo aitumie ukiwa umekaa naye, na asiandike majina halisi ya watu wala ya shule yake.

Tano, mwambie akusomee hadithi kwa sauti. Usikimbilie kusahihisha. Muulize juu ya wahusika: "Huyu mbona yuko peke yake? Ingekuwa wewe ungefanyaje?" Ni rahisi mtoto kujibu kuhusu sungura kuliko kuhusu yeye mwenyewe.

Hadithi moja ya huzuni haina maana kwamba mtoto ana shida. Lakini woga uleule ukijirudia hadithi baada ya hadithi, au akiwa amepoteza hamu ya kula, kucheza au kwenda shule, zungumza naye kwa utulivu na umwone mwalimu wa malezi na unasihi shuleni au mtaalamu katika kituo cha afya.

Kwa hiyo akikuletea daftari lenye mwandiko mbaya na hadithi isiyo na mwisho, usimwambie akairekebishe kwenye simu. Kaa chini uisome kwanza.