Baba hayuko nyumbani, lakini kivuli chake kinabakia

Wasomaji wetu, kwetu huku kuna watoto wengi wanaouliza: baba alienda wapi, na juu ya nini? Mara nyingi wakubwa wanajibu tu: "Utajua ukikomaa." Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, aliandika kitabu kizima juu ya mtoto wa namna hiyo. Kilitoka mwaka 2017 kwa kiingereza, na jina lake ni Gravel Heart, ni kusema moyo wa changarawe.

Mtoto anaitwa Salim. Akiwa na miaka saba, baba yake Masud anahama nyumbani. Haendi mbali: anaishi mji ule ule, ndani ya chumba nyuma ya butiki. Mama anapika, Salim anapeleka chakula. Baba anapokea kikapu, lakini mazungumzo hakuna. Mtoto anabakia anaamini kwamba hatakiwi.

Kiisha mjomba wake Amir, mwanadiplomasia, anamchukua London asomee mambo ya biashara. Masomo yanamshinda, anakosana na mjomba. Anamwandikia mama barua, na zingine hazitume hata kidogo. Huko ugenini anaishi kama baba yake: peke yake, maneno yamefungwa moyoni.

Ni pale tu mama anapokufa ndipo Salim anarudi, na baba anafungua kinywa, usiku baada ya usiku. Amir alikuwa amefungwa. Mtu mwenye nguvu serikalini alidai mwili wa mama kama bei ya kumtoa. Mama alikubali ili aokoe ndugu yake. Baba alivunjika, akaondoka kwa haya na uchungu. Kumbe mtoto hakuwa na kosa lolote.

Fundisho ni hili: kilichomuumiza Salim si kuondoka kwa baba peke yake. Ni kunyamaza. Mtoto asipopewa sababu, anajitungia yake, na mara nyingi anajitia hatia mwenyewe.

Si lazima mtoto aelezewe yote. Lakini maneno machache, "si juu yako baba aliondoka", yangemwokoa Salim miaka mingi. Nyumbani kwako, kuna mtoto anayengojea maneno hayo?